Picha Tatu za Mwaka Ule

Mwaka ule niliona picha kumi na moja, na pamoja na uzee huu wote, ukiniuliza nitakutajia tatu. Zilizobaki zilikuwa za watu kulia na kuimba kwenye mvua, na mimi machozi ya kulipia kiingilio sikuyataka, ya nyumbani yalinitosha. Nilipenda picha za kupigana. Nilipenda damu, kwa nini nikudanganye?

Tulikaa Bagamoyo, na kwetu hakukuwa na jumba la sinema. Mume wangu alikuwa akinunua mbata, nazi zilizokaushwa, na kuzipeleka Dar es Salaam kwa lori. Kila mwezi alinichukua, tukapita Kerege na Mapinga tukirushwa pamoja na magunia, akanishusha Kariakoo kwa shangazi yangu, naye akaenda kwenye biashara zake. Jumapili mchana shangazi na mimi tulivaa mabuibui tukaenda kwenye onyesho la wanawake peke yao. Usidhani mle ndani kulikuwa na adabu. Wanawake waliokuwa wakipeana shikamoo na marahaba mlangoni, taa zikizimwa walimtukana adui wa picha matusi ya nguoni, na shangazi yangu, mtu wa swala tano, aliwashinda wote.

Ya tatu kwa utamu ilikuwa ya wapanda farasi. Mji mzima ulikuwa na kisima kimoja, na watu wakapigana risasi kukigombea, mpaka kikajaa maiti na maji hayakunyweka tena. Hakuna aliyeshinda. Shangazi alitoka amenuna, akisema tumetapeliwa. Mimi niliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Ya pili ilikuwa ya mcheza mieleka aliyevunjwa mkono wa kulia na watu wa tajiri mmoja, akajifundisha upya kupigana kwa kushoto. Mfupa wake ulipokatika ulilia kama muhogo mkavu. Ukumbi mzima ulifunika uso, mimi nikazidi kukodoa. Nilitaka kujua mtu akivunjwa anafanya nini baadaye.

Ya kwanza, basi, haikuwa na mpinzani. Ilikuwa ya Kihindi, na Kihindi sikukijua, lakini niliielewa yote. Msichana mdogo anaona baba yake akichinjwa. Anakua, anakuwa dobi, anafua nguo za watu mtoni juu ya mawe. Siku moja yule muuaji, sasa bwana mkubwa, anamletea kanzu zake, hamjui. Dobi anazifua, anazipiga pasi, anamwinamia kwa heshima, wiki baada ya wiki. Kisha kanzu zinachelewa na bwana anakuja mtoni mwenyewe kufoka. Dobi anainua jiwe la kufulia kwa mikono miwili. Alimpiga mara moja tu. Vigelegele vikapanda mpaka mwenye jumba akaja kuchungulia.

Nimesema picha kumi na moja kwa sababu mwezi mmoja sikwenda. Mwezi huo nilikuwa kitandani. Mume wangu hakuwa mlevi wala mhuni, watu walimpenda, alicheka na kila mtu. Chumbani alinipiga. Siku moja mchuzi ulikuwa umepoa, akanipiga teke, na mimba yangu ya kwanza ikatoka. Watu tuliwaambia nimenyanyua ndoo nzito. Mara mbili nilikimbilia kwetu, na mara mbili baba yangu alinirudisha, akisema nivumilie. Nilipoiona picha ya dobi nilikuwa na mimba ya pili, ya miezi minne, na niliogopa kila alipovua kubadhi zake mlangoni. Sikujiogopea mwenyewe, maana mwili wangu ulishazoea. Niliogopea hicho kilichokuwa kimeanza kucheza tumboni.

Mama mkwe wangu, mjane, mtu wa maneno machache, aliishi nasi ua mmoja. Baada ya adhuhuri wanawake wa jirani walikuja uani kwetu kusuka ukili wa mikeka, na desturi yetu ilikuwa kwamba aliyetoka Dar huja na picha aliyoiona, awahadithie wenzake mikono ikiendelea na kazi. Mimi sikuwa nahadithia tu, nilikuwa nacheza. Nilipanda farasi, nilikufa, nilifufuka nikafa tena.

Siku ya picha ya dobi nilifika mahali pa muuaji, na nikaona sikumbuki mwendo wake. Nikambunia wangu. Nikamfanya aburute kubadhi la mguu wa kushoto. Nikamfanya, kabla ya kuinua kisu, asafishe koo mara mbili, taratibu, kama mtu anayetaka kuhutubia.

Wanawake walicheka, maana mwendo ule waliutambua. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kucheka. Mwendo wa mume wangu waliuona kila siku barabarani. Kule kukohoa kabla ya kupiga wasingeweza kukuona popote, na mimi nilikujuaje? Somo wangu alinifunda siku saba kabla ya harusi kuficha ya chumbani, na mimi nimeyatoa uani, mbele ya watu sita, kwa ajili ya kunogesha picha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe hakuwa amecheka tangu mwanzo. Aliweka ukili wake chini.

"Na marehemu baba yake alikuwa akikohoa hivyohivyo," alisema.

Akaniangalia tumbo, halafu uso.

"Mwisho wake huyo dobi alimfanyaje?"

"Alimpiga jiwe, mama."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Akaokota ukili akaendelea kusuka.

Kesho yake asubuhi uji ulizidi chumvi. Mume wangu aliweka bakuli chini, akasimama pale uani, akaburuta mguu akinijia. Nikakumbatia tumbo. Akakohoa mara ya kwanza. Mama yake alikuwa kwenye kinu, anatwanga. Akakohoa mara ya pili, na kutwanga kukanyamaza.

Mama mkwe alikuja na mchi. Alimpiga kwenye kiwiko cha mkono aliokuwa ameuinua, na mfupa ukalia sawasawa na ule wa kwenye sinema. Mume wangu alianguka magoti.

"Mama, ni mimi," alisema.

"Najua ni wewe."

Akampiga tena, palepale. Nyama ilichanika, damu ikaruka mpaka kwenye bakuli la uji. Kisha akaufuta mchi kwa upindo wa kanga, akarudi kwenye kinu, akamaliza kutwanga. Siwezi kusema nilihuzunika. Nilifurahi mpaka meno yakanigongana.

Fundi wa mifupa tulimwambia kaanguka mnazini. Alimtazama mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kupanda hata mpera, akafunga mkono. Mkono ulipona umepinda, na hakuniinulia tena, wala ule mwingine. Mama mkwe hakula siku mbili. Miezi mitano baadaye nilijifungua mtoto wa kike, na yeye ndiye aliyempokea, akamwadhinia mwenyewe bila kumngoja mwanamume.

Uani waliendelea kunidai picha, na kila siku waliitaka ile ya dobi. Nikawahadithia tena, mwanangu mgongoni, muuaji sasa hana mwendo wala kikohozi. Nikafika mtoni, nikainua mikono.

"Akampiga jiwe mara moja," nikasema.

"Mara mbili," alisema mama mkwe, bila kuinua macho kwenye ukili. "Moja ilikuwa ya marehemu baba yake."