Brashi Aliyekataa Wigi

Simu iliita saa nne asubuhi, mdogo mtu akiwa na pini mdomoni, anapima mkono wa gauni la mteja. Aliyepiga alikuwa mama mwenye saluni alikofanya kazi dada yake. Hakusalimia. Alisema tu, "Mwanangu, kaa chini kwanza," kisha akalia mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena aliweza kueleza: dada alifika kazini mzima, akanywa chai, akalalamika kifua, na kabla hawajamfikisha hospitali Mungu alikuwa ameshachukua kilicho chake.

Mdogo mtu alizitoa pini mdomoni moja moja. Kilio kilikuja baadaye. Kwanza lilimjia wazo la ajabu, kwamba mama huyu anayelia hivi ndiye yule yule aliyetaka kumfukuza dada miaka kumi na miwili iliyopita, kisa nywele.

Ilikuwa hivi. Dada alikuwa msusi hodari, na kwa mdomo hakuwa na mpinzani. Angekusimulia harusi ya mtu usiyemjua mpaka ukalia. Kila mteja aliyetaka kujilainisha nywele kwa dawa nyumbani, dada alimpa onyo lile lile: fungua bomba kwanza, uyaone maji kwa macho yako, ndipo uanze. Jumapili moja baada ya ibada akajipaka dawa mwenyewe, huku anasimulia. Bomba hakulifungua. Dakika zilipotimia akalifungua, likakohoa, likatoa hewa. Alitoka mbio kwa majirani, taulo shingoni, na hadi anapata ndoo ya maji, dawa ilikuwa imezila nywele kama panya walioingia mkekani. Kinyozi akamaliza zilizobaki. Mganga hajigangi.

Zilipoanza kuota zilikuja na ubishi. Utosini zilisimama wima, kisogoni zililala, na juu ya sikio la kushoto ziligoma kabisa. Wasusi wenzake wakamwita Brashi, na mtaa mzima ukalipokea jina. Wateja wakaanza kukikwepa kiti chake. Mwenye saluni hakumficha: nani atampa kichwa fundi ambaye chake kimemshinda? Avae wigi, au mwisho wa mwezi apishe kiti. Kazi nyingine dada hakuwa nayo wala hakuijua.

Hata mdogo mtu alimsihi avae, akaenda kumwazimia moja. Dada alilijaribu, akajitazama kwenye kioo, akalivua.

"Mdogo wangu, nikivaa hili nitakuwa namwambia mteja kweli kwa mdomo na kumdanganya kwa kichwa. Hizi kanipa Mungu. Nitakaa nazo chini tuelewane."

Kila jioni akazilowesha, akapaka mafuta kidogo, akazigawa mafungu madogo, na mdogo mtu akayazungushia uzi wa pamba kutoka shina hadi ncha, bila kuvuta. Asubuhi wakayafungua, nywele zimenyooka na kutulia. Zile za juu ya sikio, fupi kuliko ukucha, walizisokota kwa vidole na kuziombea. Dada aliomba kwelikweli, na upande akautaja, Mungu asije akakosea.

Wiki ya mwisho ya mwezi akaingia saluni muuguzi mmoja, kajifunga kitambaa kichwani. Alikuwa amenyoa, sasa anakuza, na saluni tatu zilimwambia arudi zikishakua. "Zikishakua ninyi mtakuwa wa kazi gani?" aliuliza. Wasusi wakacheka, lakini hakuna aliyesogea, maana nywele za vidole viwili hazina pa kushika. Dada akavuta kiti chake.

"Njoo, mwenzangu. Mimi na wewe tunaumwa ugonjwa mmoja."

Alizilowesha, akazizungushia uzi, akamkalisha chini ya draya, akazifungua. Kisha akasuka mistari midogo ya kulala, akizikutanisha fupi na ndefu mpaka hujui ipi ni ipi. Mwenye saluni, aliyekuwa amesimama kama hakimu, alikizunguka kile kiti mara mbili akitafuta kosa. Muuguzi alijitazama muda mrefu, kisha akakunja kitambaa chake na kukitia mkobani.

Wiki haijaisha, wakaja wauguzi wengine wanne. Mwezi ulipokwisha, mwenye saluni alikibeba kile kiti mwenyewe kutoka kando ya sinki hadi dirishani, wapita njia wamwone fundi na kichwa chake kitupu. Dada akataka jina Brashi liandikwe kwenye kioo cha dirisha kwa rangi nyekundu, na likaandikwa. Hadi zake zinafika mabegani, alikuwa ameshavikuza vichwa visivyo na idadi. Upande wa sikio ulikuwa wa mwisho siku zote, naye akausifu mbele za watu kama mama anavyomsifu mtoto mzito darasani.

Alizikwa Alhamisi saa nane mchana. Asubuhi mdogo mtu na mwenye saluni walimwosha na kumsuka. Mmoja aligawa, mwingine alisuka. Kanisani watu walijaa hadi nje. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Mwenye saluni alipoitwa kutoa neno, alisema, "Nilimwambia avae wigi au aondoke. Namshukuru Mungu kwamba alinikatalia," akarudi kukaa. Makaburini mdogo mtu alitupa udongo wa kwanza, wanawake wakamfuata mmoja mmoja, muuguzi akiwa miongoni mwao. Kaburi likajaa. Sala ya mwisho ikasomwa, watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani.