Siku Dada Aliponiomba Nimngoje

Nilipomaliza matibabu ya saratani ya matiti, dada yangu mkubwa alitoka Bungoma akaja kunitunza kwangu Kitale. Alinikataza kufagia, akanikataza hata kujichotea maji ya kunywa. Kila jioni aliniletea nyama ya kukaanga na soda. "Kula, umekonda sana," aliniambia.

Nesi wa kliniki alikuwa amenishauri mengine: mboga kwa wingi, matunda, sukari kidogo, na kutembea kila siku. Nilipomweleza dada, alicheka. "Mgonjwa atembee aende wapi, bana?"

Asubuhi moja, alipokuwa akioga, nilitoka. Nilifika kwenye lango nikishikilia ukuta, nikarudi polepole. Kesho yake nilipita lango. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nikienda sokoni kwa miguu kununua mboga za managu na kunde, na dada akazipika kwa maziwa bila kunung'unika.

Mwaka huu, daktari aliponipima na kuniambia niko sawa, nilimtembelea dada kwake Kabuchai, huko Bungoma. Jumapili tulienda kanisani kwa miguu, tukipanda kilima kati ya mashamba ya miwa. Tulipofika nusu ya njia, nilimsikia akihema nyuma yangu.

"Ningoje kwanza," alisema, akaketi juu ya jiwe. "Si wewe ndiye ulikuwa mgonjwa?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Siku hizi naye hutembea, na kila asubuhi hunipigia simu kunieleza amefika wapi.