Mafuta ya Mbuta Yaliyonifikisha kwa Mama Mkwe

Nitasema na mnicheke mkitaka: kuna wakati niliamini kwa moyo wangu wote, na cheti changu cha ngumbaru kikiwa kimetundikwa ukutani, kwamba cheni ya baiskeli ukiipaka mafuta ya mbuta haitoki tena, kwa sababu mbuta ni samaki ambaye hajawahi kutoka ziwani kwa hiari yake. Aliyeniambia ni Odhis, fundi wa baiskeli pale mtaani kwetu Kaloleni, na aliniambia bila kucheka, nikaona hiyo ni sayansi.

Huyo huyo Odhis ndiye aliyeanzisha matatizo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilinunua mauntenbaiki, ile ya magurudumu manene na gia, kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na mbele kwenye pedeli ilikuwa na sahani tatu za meno. Odhis akaizunguka mara mbili, akasema, "Omera, ndugu yangu, meno yote haya ya nini? Wewe una miguu mingapi?" Akatoa sahani mbili, akatoa na kile chuma kilichokuwa kinasukuma cheni huku na huku, akaniachia ile ya katikati peke yake. Baiskeli ikawa nyepesi, ikapendeza, na tangu siku hiyo cheni ikawa inaruka kila nikikanyaga shimo, na mashimo ya mtaa wetu mnayajua (kuna moja lilikuwa na vyura wa kudumu).

Sasa, Jumamosi ile nilikuwa naenda kwa kina Akinyi, msichana niliyetaka kumwoa, karibu na Sondu, kuonekana kwa mara ya kwanza. Baba mdogo, ambaye ndiye angenisemea, alitangulia kwa basi na akaniambia nipande naye. Nikakataa. Nilitaka mama yake Akinyi (baba alishafariki, mama ndiye mwenye uamuzi, na ana mashine ya kusaga mahindi pale pale nyumbani) anione nikiingia na gia saba nyuma, aseme huyu ni mtu wa maendeleo. Na kwetu mama mkwe, tunayemwita maro, si mtu wa kuzoeana naye: humkaribii, humpi mkono, hata chakula huli mbele yake. Heshima yenyewe ni ule umbali. Ukiuharibu siku ya kwanza, basi mke umemkosa, rudi kwenu.

Asubuhi nikaipaka cheni mafuta ya mbuta, si kidogo, nusu kopo.

Mpaka Ahero cheni haikutoka hata mara moja (lami ilikuwa tambarare kama meza, lakini mimi nilimsifu mbuta). Jua likapanda, mafuta yakaanza kunukia, nzi wakaja, nikasema nzi si kitu. Halafu akaja mbwa mmoja, akamwita mwenzake, na kufika soko la Sondu nyuma yangu kulikuwa na mbwa kumi na tano, wote wakiramba midomo. Baadaye watu walisema watano, lakini wao hawakuwa wakifukuzwa.

"Wewe baba!" mama mmoja muuza nyanya akaniita. "Hao wote unapeleka wapi?"

"Tunaenda kuposa, mama!"

"Na nani atawapikia?"

Soko zima likacheka, na mimi nikacheka nao, maana bado nilikuwa na matumaini, nikakata kona kuingia njia ya kwa kina Akinyi, ambayo ni mteremko wa mawe mpaka mlangoni.

Jiwe la kwanza tu, cheni ikaruka. Miguu yangu ikawa inazungusha hewa. Nikakamata breki, na hapo ndipo nilipojua kwamba yale mafuta yalikuwa yamerukia rimu pia, kwa hiyo breki zilikuwa zinateleza tu. Nikaingia uani kwa kasi ya treni, mbwa wangu nyuma, na nawaapia nilimsikia baba mdogo akiwaambia wazee, "Kijana wetu ni mtulivu sana, hana mambo mengi," kabla sijapita katikati ya viti vyao na kuzama kichwa mbele ndani ya lundo la pumba kando ya mashine.

Nilipoinuka nilikuwa nimepakwa mafuta nikaviringishwa kwenye pumba, samaki kamili wa kutiwa kwenye karai. Mbele yangu, kiasi cha kunyoosha mkono, kulikuwa na miguu ya mama. Nikainua macho. Maro.

Baba mdogo alivua kofia kama tuko matangani. Akinyi alijifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikujua analia ama anacheka. Nikarudi nyuma kwa magoti, hatua kumi, mbwa wakiniramba shingo, na humo njiani niliapa kwamba sitaamini tena habari ya fundi kwa sababu tu hakucheka, na kwamba siku ya kuonekana nitapanda basi kama watu wengine.

Mama naye alirudi nyuma hatua zake, akaurudisha umbali mahali pake. Hakunitazama. Aliitazama baiskeli. Akainama, akainua cheni kwa kidole kimoja, kama anavyopima mkanda wa mashine yake kila asubuhi, akaangalia ile sahani moja ya mbele.

"Akinyi," akasema, ingawa mimi nilikuwa namsikia vizuri kabisa, "mwambie mgeni wako hii cheni ni ndefu, imelegea. Apunguze pingili mbili. Na hapa mbele walitoa chuma cha kuiongoza, kwa hiyo hakuna kitu kinaizuia. Aweke bamba huku na huku. Haya meno nayo ni mafupi, yametengenezwa yaachilie cheni iende sahani nyingine. Atafute sahani ya meno marefu. Afanye hayo kabla hajaja mara ya pili. Na mafuta ya samaki ni ya kupikia."