Picha ya Ukoo kwa Lenzi Ndefu

Muuzaji aliisifia ile lenzi kwa muda mrefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Alisema inavuta kitu cha mbali mpaka unakiona kama umekishika. Alisema ndani yake mna kizuia mtikisiko, kwa hiyo hata mpiga picha akitetemeka kama mwenye homa, picha itatoka imetulia. Alisema pia kwamba nyuma ya mtu inapalainisha, panakuwa kama uji wa mgonjwa, na mtu anabaki anang'aa peke yake. Mama mwenye studio alimsikiliza huku amekunja mikono. Mimi nilikuwa nyuma yake nafuta kioo cha meza ambacho kilikuwa kisafi tangu asubuhi.

"Kijana wangu atakwenda nayo harusini Mazingara," mama akamwambia. "Akirudi akisema ni nzuri, tunabadilishana na lenzi yetu ndogo pamoja na ile kamera ya zamani. Akisema mbaya, unaichukua."

Muuzaji akakubali, ila akaondoka na lenzi yetu ndogo kama dhamana. Hakuna aliyeona tatizo la kwenda harusini na lenzi moja tu. Sisi watu wa Korogwe mjini tunaijua sana biashara.

Mimi nilikuwa nimeshaipenda kabla hajamaliza kusema. Kazi ya picha za harusi nusu yake ni mdomo. Lazima usimame mbele ya watu waliovaa vizuri, umwambie huyu asogee, yule ashushe mkono, mama mkwe acheke kidogo. Hiyo nusu mimi sikujaliwa. Shuleni nilipoitwa kusoma kwa sauti, mwalimu alikuwa anainama karibu na mdomo wangu kama daktari anayesikiliza kifua. Nilimaliza darasa la saba wenzangu wengine wakidhani nimehamia juzi. Mama mwenye studio ananiita bubu, na ananiita hivyo kwa upendo, mbele ya wateja. Sasa hiki hapa kilikuwa chombo cha kumwezesha mtu kama mimi kupiga harusi nzima bila kumsogelea mtu yeyote. Niliona Mungu amenikumbuka.

Siku ya harusi niliamka mapema nikaibeba. Uzito wake ni sifa ambayo muuzaji alisahau kuitaja. Niliipakata kwenye basi mpaka Mkata kama mtoto mchanga, na kama mtoto mchanga, kila abiria alitaka kujua ni ya nani.

"Hilo bomba unapeleka kisima gani?" kondakta akaniuliza.

"Ni lenzi," nikasema. Hakunisikia.

"Anasema ni darubini," mzee wa kiti cha mbele akamjibu kwa niaba yangu. "Safi sana. Mwaka huu mwezi wa Ramadhani tutauona sisi kwanza, Dar watupigie simu kutuuliza."

Basi zima likacheka. Pale Mkata nikapanda bodaboda mpaka Mazingara, lenzi kifuani, mavumbi kila mahali isipokuwa kwenye lenzi, kwa sababu nilikuwa nimevua shati langu la juu nikaifunika nalo.

Nyumba ya harusi niliitambua kutoka mbali. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani wiki hiyohiyo na bati lake jipya lilikuwa linaumiza macho. Ndoa ilishafungwa msikitini asubuhi, na sasa watu walikuwa chini ya maturubai wakisubiri pilau. Nilipokelewa na bibi yake bi harusi, mwanamke mwembamba sana mwenye kanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nikampa shikamoo. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaniambia shida yake moja kwa moja.

"Mwanangu, mimi nataka picha moja tu. Watoto wangu wote, wakwe, wajukuu na vitukuu, mimi katikati. Hawajawahi kuwa pamoja. Huyu akija Idi, yule yuko Tanga. Yule akija msibani, huyu ameshaondoka. Leo wamekuja wote. Baada ya alasiri bi harusi anapelekwa kwa mumewe, na magari yakiondoka yanaondoka nao wote. Mimi sitawaona tena hivi."

"Sawa, bibi."

"Ya simu sitaki. Za simu zinabaki hukohuko kwenye simu. Nataka ya ukutani. Na wawe kamili, mpaka viatu. Mjukuu mmoja alinipiga nikatoka nusu, kama nimezama kwenye mto."

Nikamwahidi, kwa sauti ya mtu anayejiahidi mwenyewe.

Saa zile za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Nilikwenda nikasimama kwenye shamba la mihogo, mbali na kelele, nikaanza kuvuta. Ukibonyeza nusu, kitu kinavuma ndani ya lenzi kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, kisha picha inatulia yenyewe. Nilimwona mama wa bi harusi anaonja chumvi ya pilau kwenye kiganja. Niliwaona wazee wawili wanacheka mpaka mmoja anashikilia kofia yake. Niliona jasho juu ya mdomo wa bwana harusi, tone mojamoja. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kama kawaida na haikuonekana popote. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani mwangu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezitaka.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mjomba mmoja aliyevaa suti ya rangi ya maziwa. Alinifuata mpaka mihogoni, akikanyaga kwa uangalifu.

"Kijana, wewe ni mpiga picha au unalinda ngedere?"

"Mpiga picha, mjomba."

"Mbona hujanipiga?"

"Nimeshakupiga."

"Umenipigaje na mimi sijasimama?"

Kwetu picha ni kitu cha watu wawili. Wewe unasimama, unanyoosha shati, unabana pumzi, na mpiga picha anakuja mbele yako anathibitisha kwamba umesimama. Bila hivyo umechunguliwa tu. Nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Uso wake ulijaa kioo chote, kila unywele wa sharubu mahali pake.

"Miguu yangu iko wapi?" akauliza.

"Lenzi inavuta, mjomba. Inachukua juu."

"Viatu hivi nimevinunulia siku ya leo." Akaviangalia, kisha akarudi kwenye kioo. "Na huu ukungu wa kijani nyuma yangu ni nini?"

"Ni nyumba."

"Nyumba! Shemeji yangu amepaka rangi nyumba nzima kwa ajili ya harusi, wewe umeifuta?"

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile sifa ya uji wa mgonjwa. Baba wa watu amemaliza akiba yake kwenye rangi na bati ili vionekane pichani, na lenzi ya kisasa, kwa ustadi mkubwa, inavigeuza kuwa ukungu.

Baadaye shangazi wa bi harusi aliniita nimpige bi harusi chumbani, nisimame mlangoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo lenye pazia. Lenzi ilikataa kuona karibu namna ile, ikawa inakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza miwani. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa pili wa ukumbi. Ilipokubali, ilinipa pua ya bi harusi na jicho moja. Wanawake walikuwa wanacheza, na kizuia mtikisiko kilizuia mtikisiko wangu mimi, kikawaacha wao na mtikisiko wao. Kwenye picha kitanda, ukuta na pazia vimetulia kabisa. Wanawake ni moshi.

"Tayari?" shangazi akauliza.

"Tayari," nikasema, maana kupiga nilikuwa nimepiga.

Adhana ya alasiri ilipita, wanaume wakaswali, wakarudi. Madereva wakaanza kufungua milango ya magari. Bibi akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba ya kijani, akaweka mikono magotini, na watu wake wakaanza kumzunguka. Walikuwa wengi. Walikuwa wengi kama shule ya msingi, na waliendelea kutoka nyuma ya nyumba.

Nikainua kamera. Nikamwona bibi na bega la mtu. Nikarudi nyuma. Nikaona bibi na watu sita. Nikarudi tena, nikapita maturubai, nikapita mafiga na masufuria, nikapita zizi la mbuzi, nikaingia mihogoni, nikatoka upande wa pili wa mihogo. Nilikuwa nimefika kwenye njia ya jirani mfugaji, na ng'ombe wake walikuwa wanarudi. Wakapita mbele yangu mmojammoja, wakiitazama lenzi bila haraka. Mfugaji akanisalimia kwa heshima, akauliza kama nimepotea.

Ng'ombe walipokwisha ndipo ukoo ukaingia wote, kuanzia bati hadi viatu. Yaani viatu vya wa mbele. Watu walikuwa wamebanana ovyo, warefu mbele, watoto wamefichwa, mjomba wa suti ya maziwa ameinamia simu.

"Warefu wasogee nyuma," nikasema.

Sauti ilifika kwenye mbuzi. Mbuzi mmoja aligeuka.

Niliwasikia wao vizuri, kwa sababu wao walikuwa hawana tatizo hilo.

"Huyu mbona anaondoka?"

"Amesusa."

"Kala lakini?"

"Nani amempa? Hajapewa pilau mtoto wa watu!"

Nikamwona shangazi anatoka kwenye mstari, anapotea jikoni, kisha anakuja kupitia mihogo na sahani iliyofunikwa. Alifika kwangu anahema.

"Kula, mwanangu. Usikasirike siku ya watu."

"Sijakasirika, shangazi. Nimekuja mbali ili muenee."

"Tuenee wapi?"

"Kwenye lenzi. Naomba uwaambie warefu warudi nyuma, watoto wakae chini."

Alinitazama kwa huruma, kisha akageuka, na sahani mkononi akapaza sauti ambayo ingetosha kuita watu Handeni mjini. "Warefu nyumaaa! Watoto chini! Wewe wa suti, acha simu, unaambiwa wewe!" Ukoo ukapangika kama gwaride. Nikafurahi. Nilikuwa nimepata mdomo wa kuazima, na niliona tutamaliza salama. Kisha bibi akainuka kwenye kiti, akawatazama wanawe, akatazama mihogoni, akasema kitu, na vijana wakatupigia kelele maneno yake.

"Binti yangu yuko kule? Picha gani hiyo bila binti yangu?"

Shangazi akaniachia sahani miguuni, akakimbia kwenda kupanga mstari. Na watu walipompisha, mstari wote ukavurugika. Honi ya gari la mbele ikalia. Bwana harusi akatazama saa. Mmoja wa wajukuu akaanza kuondoka na mtoto mgongoni. Bibi bado alikuwa amesimama, anamwita arudi, na sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu. Hakuna aliyemsikia.

Sijui vizuri jinsi ilivyotokea. Nilisikia mtu anapiga kelele mihogoni, na alikuwa anatumia koo langu.

"JAMANI! Hakuna kuondoka! Wewe mwenye mtoto, rudi! Bibi akae! Nataka kuona viatu vya kila mtu! Kila mtu!"

Hata honi ilinyamaza. Kisha ukoo mzima, wazee kwa watoto, ukainama kutazama miguu yake, halafu wakatazamana, halafu wakacheka. Walipoinua nyuso walikuwa bado wanacheka, na bibi katikati amekaa, mdomo wazi, meno yake machache yote nje. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka kamba ya kamera inagonga shati. Nikabonyeza nusu. Nyuki akavuma. Picha ikatulia. Nikapiga, nikapiga tena, mpaka mstari ukavunjika na magari yakajaa.

Halafu nikala pilau, lilikuwa limepoa.

Kesho yake studioni, mama alipitia picha zote kwenye kompyuta. Za mwanzo alizipita haraka. "Hawa wote hawana miguu," alisema. Za chumbani alizipita haraka zaidi. Kwenye ya ukoo akasimama. Nyumba ilikuwa ya kijani, bati ni bati, maana kutoka mbali vile kila kitu kilikuwa kimeingia sawasawa. Akahesabu viatu kwa kidole mpaka akachoka.

"Haya, bubu. Tunaichukua au tunairudisha?"

Nilikuwa nimeipa maksi zake njiani. Inatuliza mikono, hilo ni kweli, na siku ile ilinifaa kuliko muuzaji alivyojua. Lakini inataka shamba zima kwa picha ya familia moja, inaogopa vyumba vya watu, na inaficha vitu ambavyo watu wamevigharamia. Na ile kazi niliyoitakia hasa, ya kuninyamazisha, ndiyo iliyoishinda vibaya kuliko zote.

"Irudi," nikasema. "Nataka ile ndogo." Sauti ilikuwa imekauka, ikabidi niseme tena.

Tuliisafisha picha ya ukoo kwa ukubwa wa ukutani, mama akaikunja kwenye bomba la karatasi, tukampa kondakta aishushe Mkata. Jioni ya siku ya pili simu ya mama ililia. Akaongea, akacheka, akaniangalia, akaendelea kuongea.

"Ni bibi wa Mazingara," alisema alipokata. "Anasema ameipokea, wamo wote, na viatu ameviona. Sasa anataka apigwe peke yake, kwa karibu. Anasema aje yuleyule kijana mwenye kelele." Akageuka kuangalia studio, kiti cha wateja, pazia, mlango. "Mwenye kelele nani? Ulikwenda na mtu?"

Nilikuwa nafuta kioo cha meza. Nikasema nitakwenda Ijumaa.

"Sema tena," mama akaniambia, akiinama. "Sijakusikia."