Kidole Kilikataa, Mdomo Ukakubali

Mwaka ule nilikuwa mke mgeni hapa Lweba, mwanangu, hata njia ya kwenda mtoni nilikuwa sijaizoea, na jambo ninalotaka kukueleza nalikumbuka kuliko harusi yangu. Keti. Weka hiyo simu chini. Huyo mchuuzi wako atapiga tena, watu wa namna yake hawachoki kupiga.

Nimekusikia ukimjibu asubuhi. Anataka mihogo yako itoke majini leo, mihogo ya siku mbili, ili gari lake liwahi soko la Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi. Na wewe, Riziki, mjukuu niliyekufundisha mwenyewe kuloweka, umemjibu nini? "Tutaona." Tutaona nini? Nimechoka na hili neno. Kaka yako aliombwa na rafiki zake akaseme uongo kwa mkuu wa shule, akasema tutaona. Mama yako amelisema miaka kumi kwa shemeji asiyetaka kuondoka kwenye nyumba yake, na shemeji bado amekaa. Nyumba nzima hii hakuna mtu anayejua kusema hapana, na ugonjwa wenyewe mmeurithi kwangu, ndiyo maana naukasirikia hivi.

Basi sikiliza. Baba mkwe wangu alikuwa amefariki, matanga yamejaa watu, na mitumbwi bado inaleta wengine kutoka Ubwari. Siku ya tatu unga ukaisha. Mimi nilikuwa na mihogo yangu mtoni, nimeiloweka juzi yake tu. Nayo ilikuwa ile michungu, unaijua, ile ambayo maji yasipoitoa uchungu wake, itautoa tumboni mwa mtu. Mama zetu hawakuhesabu siku. Walibonyeza kwa kidole gumba. Kikizama, toa. Kikikataa, acha, hata kama chifu mwenyewe anangoja bugali.

Wifi yangu Apolina, dada mkubwa wa mume wangu, akanifuata mtoni. Nikaubonyeza muhogo mmoja mbele ya macho yake. Kidole kikakataa.

"Mama, iko ngumu bado," nikamwambia.

"Iko ngumu namna gani? Bantu bako na njaa kule, we uko unashika-shika mihogo tu. Unataka baseme ndugu yetu alioa mwanamuke wa choyo?"

Choyo. Mke mgeni akiitwa mchoyo msibani, jina hilo atazikwa nalo. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Tutaona."

Sasa jifunze hapa, kwa sababu nimelipa karo ya somo hili peke yangu: anayetaka ndiyo, ukimwambia tutaona, amesikia ndiyo. Apolina alikunja kitenge chake akaingia majini. Na mimi, mwanangu, nilimshikia kapu. Sikusukumwa na mtu. Tukaivunjavunja, tukaikausha juani na juu ya moto, tukaitwanga. Haraka haraka haina baraka, na sisi tunaokaa karibu hivi na mji wa Baraka tulipaswa kuujua huo msemo.

Kesho yake bugali ilisongwa na Mama Alimasi, jirani yetu, mjane. Mkono wake ulikuwa na nguvu, na hakuna msiba wa Lweba aliowahi kuukosa. Watu wakala. Jua lilipoanza kushuka, mmoja akasema kichwa kinazunguka, mwingine akatoka kwenda kutapika nyuma ya nyumba, kisha wawili, kisha sikuhesabu tena. Feza, mtoto wa Apolina mwenyewe, wa miaka sita hivi, akaanguka. Tulimlaza kwenye mkeka na miguu yake haikufanya kazi. Nilifikiri tutazika mara mbili.

Unajua watu wetu. Kwetu ugonjwa wa ghafla haukosi mwenyewe. Wakaanza kuulizana nani alisonga. Mjane. Mume wake alikufaje? Ghafla. Ana watoto hai? Hana. Ikaisha hapo, hesabu yao ilikuwa imekamilika. Vijana wawili wakasema waende kuivunja nyumba yake, afukuzwe kabla hajatumaliza. Mama Alimasi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, unga bado uko kwenye viwiko vyake.

Apolina akanifinya paja. Maana yake nyamaza. Na ndani ya moyo wangu, unajua nilisema nini? Nilisema tutaona. Labda mtoto ataamka. Labda hawa vijana wana maneno tu. Mwenzangu yuko karibu kubomolewa nyumba, na mimi nangoja kuona.

Aliyenitoa hapo ni Koko, bibi yangu mzaa mama, aliyekuja kutoka Baraka kukaa nami msibani. Alinyanyuka polepole, magoti yake yalikuwa mabovu kama haya yangu leo. Akaenda kwenye kapu ambalo mihogo yake tulikuwa hatujaivunja, akachukua mmoja, akaja nao, akanishika kiganja mbele ya watu wote.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Ulikuwa mgumu vilevile.

"Hiki kidole kilisema nini kule mutoni?"

"Kilikataa, Koko."

"Na mudomo?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini kiganja alikuwa amekishika. "Mudomo ulikubali," nikasema. "Hii mihogo ni yangu. Nilijua haijaiva. Mama Alimasi hajui kitu."

Koko akaniachia mkono. "Basi kidole chako kiko na akili kukupita we muzima."

Feza alibebwa mpaka kwa muganga wa dispensaire, zahanati yetu, na siku ya tatu akatembea. Leo ana wajukuu. Nami niliitwa majina ambayo sitakutajia, choyo lingekuwa zuri zaidi. Mama Alimasi aliweka mwiko juu ya sufuria, akanawa mikono, akaenda kwake.

Alinisalimia vizuri miaka yote iliyofuata. Misiba yetu alikuja, alilia pamoja nasi, na alirudi nyumbani na njaa, kwa sababu bugali ya nyumba yetu hakuila tena. Mara moja nilimpelekea unga wa mihogo niliyoiacha majini mpaka ikawa laini kama ndizi. Akaupokea kwa mikono miwili, akatabasamu. "Asante, mwanangu," akasema. "Tutaona."

Nilirudi njia nzima nalia. Lile neno lilinifundisha siku hiyo jinsi linavyoumiza linaporudi kwa mwenyewe. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye huyu amekaa mbele yangu, na mihogo ya siku mbili iko mtoni.

Kwa hiyo nasema wazi, usije ukaniambia hukuelewa. Kile unachokijua kwa kidole chako, kiseme kwa mdomo wako, siku hiyohiyo, kabla kapu halijaingia majini. Atanuna. Atasema una kiburi, atanunua kwa mwingine. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Unga huo utaliwa na watoto wa kambini, watu waliokwisha kukimbia ya kutosha, na siku wakianguka hawatamtafuta mchuuzi, watamtafuta aliyesonga. Kukataa si kukosa adabu. Sema kwa upole, mwite baba, mtakie safari njema, lakini neno liwe hapana, na watoto wa miaka sita walielewe.

Mungu akubariki, Riziki. Akupe mdomo unaofanana na kidole chako, na majirani wale kwako bila kuogopa mpaka uzeeke. Sasa simu inalia. Ipokee hapahapa, nikusikie.