Mama Mkwe Alinitetea Msibani

Wasomaji wa ukurasa huu, wakubwa zangu shikamooni. Jina langu lifichwe kabisa, maana mume wangu naye ni msomaji, tena huanzia hapa kabla hata ya habari za mpira. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, naishi Buzuruga hapa Mwanza, nafanya kazi kitengo cha kumbukumbu katika hospitali ambayo sitaitaja. Mume wangu yuko kiwanda cha minofu ya sangara. Nina mtoto mchanga wa kiume. Kabla yake nilizika wa kike.

Nianze na yule niliyemzika. Likizo ya uzazi ilipoisha, mama mkwe alivuka kutoka Sengerema akaja kunilelea. Mtoto alikuwa na kikohozi kidogo tu. Siku moja narudi kazini, nakuta hataki titi, mate yanamtoka yana damu. Mama mkwe akasema, "Meno hayo, mwanangu, yanamsumbua." Nikamwamini. Yeye amezaa na kulea, mimi nilikuwa najua nini? Ikaja homa, tukamkimbiza hospitali, akafa mikononi mwangu. Daktari akaandika homa kali, tukaenda kuzika Sengerema.

Pale msibani nikasikia wanawake wananong'ona kwamba nimembemenda mtoto, yaani nilikuwa na bwana kazini huku nanyonyesha, ndiyo maana akadhoofu. Ndugu zangu, sikuwa na bwana. Nilikuwa na mafaili. Mama mkwe alisimama akawakemea wote: "Mwacheni mkwe wangu, amefiwa!" Tangu siku ile nilimpenda kuliko mama yangu mzazi. Lakini mume wangu neno lile lilimwingia. Hakunipiga wala hakunifukuza, aliacha tu kula chakula changu kwa muda mrefu. Mpaka leo akinywa bia hunitazama akauliza, "Yule bwana wako yuko wapi siku hizi?"

Sasa mwaka huu tukaambiwa hospitali ijiandae. Namba za magonjwa za zamani zinaachwa, unakuja utaratibu mpya wa kimataifa ambao namba zake zinaanza na herufi. Tukaitwa semina, madaktari, wauguzi na sisi wa kumbukumbu. Nilikuwa mjamzito wa huyu niliye naye. Mkufunzi, daktari wa makamo kutoka Dar, alikuwa mcheshi lakini hakuwa na huruma na maneno ya kivivu. "Mnaandika moyo ulisimama. Nani aliwahi kufa moyo wake unadunda? Mnaandika homa. Homa imeletwa na nini? Rudini nyuma mpaka mfike kwenye chanzo, hicho ndicho tunachokipa namba."

Akataka kila mmoja aeleze kifo anachokijua tukifanyie zoezi. Sijui nini kilinisukuma. Nilisema ni mtoto wa jirani, nikamweleza wangu.

"Kabla ya homa?" akauliza. Nikasema alikataa titi. "Kabla ya hapo?" Mate yenye damu. "Na kabla ya hapo?" Kikohozi. Akatikisa kichwa, akasema kati ya kikohozi kidogo na damu ile kuna kitu nimekiruka. Muuguzi wa wodi ya watoto aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo alikatwa kimio, daktari. Tunawapokea kila mara. Wakikohoa, bibi zao wanasema kile kinyama cha kooni kimerefuka, wanawapeleka kwa mkataji, kidonda kinaoza." Wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilinishinda.

Tangu siku ile sina amani. Nikipika nasikia "kabla ya hapo?", nikioga nasikia. Namwona mwanangu anafunguliwa kinywa kwa nguvu na mtu nisiyemjua, ananitafuta kwa macho na mimi sipo. Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda kivuko pale Kigongo na tumbo langu, nikamfuata mama mkwe kwake.

Hakubisha. Kwanza aliniapisha juu ya kaburi la mtoto kwamba atakachosema sitamwambia mume wangu. Nikaapa, maana nilitaka kusikia. Akalia, akasema, "Nilimpeleka. Nilitaka apone. Alipokufa nikaogopa." Nikamuuliza, mama, na mimi nilipoitwa malaya? Akasema, "Si nilikutetea?"

Wasomaji, ingeishia hapo ningesamehe. Nilikuwa nimeshamshika mkono. Ndipo akajifuta machozi, akaniambia kwa upendo kabisa, "Yule mkataji hakuwa na mkono mzuri. Nimeshapata mwingine, mzee wa huku huku, mkono wake mwepesi. Huyu wa tumboni tutamuwahi, kabla kimio hakijarefuka." Nikamwambia hospitali wanakataza. Akanitazama kwa huruma. "Hospitali ndiko alikofia, mwanangu."

Likizo yangu inaisha mwezi huu, na mume wangu ameamua mtoto akalelewe Sengerema, bibi yake ana ng'ombe wa maziwa. Nimekataa, nimelia, nimesema nitatafuta msichana wa kazi. Akaniambia, "Wa kwanza ulimuua wewe. Huyu atakaa na mama yangu." Nikisema ukweli, mama atakana, na mume ataona namsingizia mzazi wake ili nijisafishe. Tena nitakuwa nimevunja kiapo cha kaburini, na mimi nimelelewa nikiambiwa kiapo cha namna hiyo humrudia mtoto aliye hai. Mnaweza kunicheka, mtu wa hospitali naogopa kiapo. Naogopa. Naogopa kusema, na naogopa zaidi kunyamaza.

Mliowahi kubeba mzigo kama huu, nielekezeni, niseme au ninyamaze? Naomba msikawie kunijibu. Tangu jana mtoto anakohoa, na mume wangu ameshampelekea mama yake ujumbe aje amchukue.