Mlango Uliodanganywa

Jamaa alikuwa fundi wa mashine ya kupashia moto ekseli, vile vyuma vya kushikia magurudumu. Usifikirie makaa wala tanuri. Ni koili ya shaba, nene kama kidole gumba, imejikunja mara nne na maji yanapita ndani kuipoza. Unaingiza chuma katikati, unakanyaga pedali, ukihesabu mpaka kumi chuma kimeiva chekundu, hakuna moto, hakuna moshi. Koili yenyewe haibadiliki hata rangi. Ndiyo maana watu huizoea vibaya.

Koili ilikaa kwenye kizimba cha bati chenye mlango. Mlangoni kulikuwa na sumaku, na kwenye fremu kidude cha kuisikia. Ukifungua tu, umeme unakatika, halafu mashine inanuna nusu dakika nzima ndipo ikubali tena. Kila ekseli, nusu dakika. Msimamizi alishinda migongoni mwa mafundi kama inzi, akilia kazi haiendi.

Siku moja jamaa akabomoa spika mbovu, akatoa sumaku, akaibandika kwenye fremu, juu ya kile kidude, kwa utepe mweusi. Mlango ukashinda wazi, mashine ikijua umefungwa. Kazi ya kutwa ikaisha saa tisa. Msimamizi akampa jina la Injinia. Mtu kaishia darasa la saba, anaitwa Injinia mbele ya watu, unadhani angekataa? Kichwa kikavimba. Nyumbani mkewe akacheka wee, kisha akamwambia basi Injinia amtafutie kaka yake kazi.

Shemeji akaingia. Mnene, mpole, mtu wa utani, pete ya ndoa imezama kidoleni. Injinia akamwambia aivue, koili haichagui chuma. Akajibiwa pete ile haitoki hata kwa sabuni, labda kwanza mke mwenyewe aondoke. Wakacheka, wakaendelea na kazi. Wote wawili walistahili kuzabwa makofi.

Jumanne asubuhi ekseli ilikaa upande. Shemeji akaingiza mkono kuinyoosha, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Pete ikawa nyekundu kidoleni. Alipiga ukelele, lakini mguu ulikakamaa palepale mpaka Injinia alipomsukuma akaanguka. Hospitali walikata kidole kile, na cha jirani yake kikabaki kimekauka kama kijiti.

Kiwanda kikasema mlango ni mzima, uzembe ni wa shemeji mwenyewe, kwa hiyo fidia hakuna. Kweli ulikuwa mzima: kabla mkaguzi wa usalama kazini hajafika, msimamizi alibandua ile sumaku akaitia mfukoni. Injinia alimwona. Siku tatu akala kimya, mkewe akimtazama tu. Ya nne mkewe akamwambia kaka yangu ana watoto watatu, nenda kaseme.

Akaenda kwa mkaguzi.

"Mlango tuliudanganya," akasema. "Sumaku niliiweka mimi. Msimamizi alijua, tena alinisifu."

Mkaguzi akaandika, akamsainisha. Msimamizi alipoulizwa akaapa hajawahi kuona sumaku yoyote. Yeye hakusaini kitu.

Wiki mbili baadaye barua ya kiwanda ikaja. Kifaa cha usalama kimeharibiwa na mfanyakazi bila ruhusa, kwa kukiri kwake mwenyewe. Injinia kafukuzwa. Na shemeji hana cha kudai, maana aliyemuumiza ni mwenzake, siyo kiwanda.

Injinia akaipeleka barua mwenyewe. Alimkuta shemeji kakaa kitandani, anavaa viatu. Akamsomea mpaka mwisho.

"Si ungenyamaza tu, shemeji?" yule wa kitandani akasema, bila hasira. "Angalau mmoja wetu angekuwa na kazi."

"Dada yako ndiye aliyeniambia niseme."

"Dada yangu hajawahi kuiona ile mashine. Wewe ulikuwa unaiona kila siku."

Injinia akamwona anahangaika na kamba za kiatu kwa mkono mmoja, akachuchumaa amfungie. Shemeji akauvuta mguu wake nyuma, taratibu, akamwambia aache.